Mahema Yaliyolowa Bila Mvua

Wenzangu mnaobaki karakana, mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi yetu, kwa kuwa mimi ndiye wa mwisho kati ya wale walioanza na Mzee Kondo. Nimekubali, ila msitarajie habari za nani alipandishwa cheo na nani alinyimwa. Cheo kikubwa nilichowahi kupata ni cherehani iliyo karibu na mlango, ambako kuna upepo. Nitawaandikia kuhusu maji. Miaka yangu yote ya kushona mahema nilipambana na maji ya aina moja, na nawaambia mapema kwamba yalinishinda.

Nilifika Ilala nikitokea kwenye kushona magauni ya harusi. Siku ya kwanza Mzee Kondo, ambaye ndiye alikuwa fundi mkuu, alinipa kipande cha turubai na sindano namba kumi na nane, akaniambia nishone mstari mmoja ulionyooka. Nilivunja sindano tatu kabla ya adhuhuri. Akaziokota zile sindano zilizovunjika, akazipanga mezani mbele yangu.

"Tatu," akaniita kwa jina langu, "hapa hatumshonei bibi harusi. Bibi harusi nguo ikimwachia, watu watacheka, yataisha. Hema likiachia, mtu analowa, na aliyelowa haoni cha kucheka."

Huyo ndiye aliyenifundisha kupitisha uzi kwenye nta kabla ya kushona, kukunja kitambaa ili mdomo wa mshono uangalie chini, kupaka gundi ya mishono kwa ndani na kulianika hema kivulini. Alikuwa akilinusa hema kabla ya kulitazama. Harufu ya ukungu ilimwambia kama mwenye hema alilikunja likiwa bichi, na kama alilikunja likiwa bichi Mzee Kondo alimpa mhadhara kwanza, kazi baadaye. Wateja wengine walikuwa wanayaanika mahema yao siku mbili kabla ya kuja kwetu, kuukwepa ule mhadhara tu.

Mahema mengi tuliyapata Mchikichini, ndani ya marobota ya mitumba, yamebanana na makoti ya baridi ambayo hapa mjini hakuna anayeyahitaji. Yalikuja nguzo pungufu, zipu zimekufa, kamba hazipo. Na karibu yote yalikuja na madirisha ya ajabu juu kabisa, karibu na kichwa cha hema, yenye wavu mtupu. Wavu haufungwi. Tulibishana sana kuhusu madirisha hayo. Mzee Kondo akaamua kwamba huko yalikotoka watu wana raha zao, mtu analala anatazama nyota. Sisi tulikuwa tunauza mahema kwa makandarasi wenye walinzi, kwa maskauti, kwa vijana wa makanisa wanaokwenda kambi ya Pasaka, na hakuna kati yao aliyetaka hema lenye tundu. Kwa hiyo tuliziba. Kuziba tundu la juu ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza aliyopewa mgeni, na aliyeziba vizuri alisifiwa.

Hapa Dar hilo halikumdhuru mtu. Joto letu mnalijua. Aliyelala ndani ya hema anafungua mlango mwenyewe, tena anatoa na miguu nje. Kosa letu lilikuwa la watu waliozaliwa pwani, tunaojua kwamba maji yanatoka juu au yanatoka baharini, basi. Mtu aliyekulia kwenye baridi asingelifanya.

Halafu akaja Mangi. Jina lake ni Elirehema, Mchaga mwenye duka la mabegi, kamba na viatu vya safari pale Kariakoo, lakini kwetu Mchaga yeyote mwenye duka ni Mangi, naye alishazoea. Alikuwa amepata kazi ya kupeleka mahema kwa kampuni moja inayopandisha watalii Mlima Kilimanjaro. Watalii walilala kwenye mahema mapya kutoka nje. Yetu yalikuwa ya wapagazi, wale wanaojiita wagumu, wanaobeba mizigo kichwani mpaka kambi ya juu. Mdogo wake Mangi, Aikaeli, alikuwa mmoja wa wagumu hao. Tulifurahi kupata kazi ile. Nilijiona nimepanda mlima bila kutoka Ilala.

Mwezi haukuisha, mahema ya kwanza yakarudi. Mangi akasema yanavuja. Sisi tulikuwa na kipimo chetu cha kuvuja: hema lilisimamishwa uani, Mzee Kondo akaingia ndani na gazeti lake, nasi tukamwaga ndoo kumi za maji juu yake. Gazeti likitoka kavu, hema limefaulu. Tukayapima moja moja. Gazeti halikulowa hata mara moja, na mzee akamaliza kurasa zote mpaka matangazo ya vifo. Tukaongeza gundi kwenye mishono kwa kutimiza wajibu, tukayarudisha. Yakarudi tena, na safari hii aliyeyaleta ni Aikaeli mwenyewe.

Alikuwa kijana mrefu mwenye mabega ya mtu anayebeba mizigo kwa kazi na uso wa mtu anayeimba kwaya. Akasalimia watu wote karakana nzima, mmoja mmoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaka yako anasema mahema yetu yanavuja."

"Yanavuja mama, ila siyo mvua. Hata siku kavu kabisa tunaamka tumelowa. Ukigusa dari, maji yanakudondokea usoni. Kambi za juu huko yanaganda, ukitikisa hema asubuhi barafu inakumwagikia shingoni."

Mzee Kondo akavua miwani. "Maji bila mvua? Basi kati yenu yumo kikojozi. Mchunguzeni."

"Babu, kikojozi gani anakojolea dari?" Aikaeli akajibu, na karakana nzima ikaangua kicheko. Naye alicheka, kisha akakohoa kidogo, akageukia ukutani ili asitukoholee.

Nikamwuliza wanalala wangapi. Akasema wanane. Hema limeandikwa la wangapi? La wanne. Mnapikia wapi? Humo humo, hali ya hewa ikichafuka. Nguo zilizolowa? Tunazitundika humo humo, mama, zitakauka wapi kwingine? Aliniambia yote, wenzangu. Jibu lote alinipa akiwa amesimama pale penye ndoo ya gundi, nami nikalisikia bila kulisikiliza. Tukafanya tulichojua. Chini ya turubai la juu, lile linalolifunika hema la ndani, palikuwa bado na vitundu viwili ukubwa wa kiganja, tulivyokuwa tumevisahau. Tukaviziba navyo.

Akabeba mahema yake akatushukuru. Shukrani ile inaniuma mpaka leo.

Aikaeli alipiga simu baada ya safari iliyofuata kusema hali imekuwa mbaya zaidi. Siku ile nilikuwa nyumbani napika wali, nikainua mfuniko wa sufuria. Nimepika wali tangu nina miaka minane, na siku hiyo ndiyo kwanza nikautazama mfuniko. Ulikuwa umejaa matone upande wa ndani, yamejipanga, yanasubiri kuanguka. Hakuna aliyemwagia maji sufuria yangu kwa nje. Maji yalitoka kwenye wali, yakapanda yakiwa mvuke, yakakuta bati la baridi, yakarudi kuwa maji. Nilisimama na mfuniko mkononi mpaka wali ukaungua chini. Watu wanane wanapumua. Sufuria ya chai inachemka. Soksi zinatoa mvuke. Na sisi tumewafunika mfuniko, tena tumeuziba.

Nilitaka kuhakikisha, lakini hapa baridi ya kupimia utaipata wapi? Nikamwendea Salumu, muuza nyama jirani yetu, ambaye bucha lake lilikuwa na chumba cha baridi cha kutundikia nyama. Nikamwomba niweke hema humo na nikae ndani yake kwa muda.

"Bi Tatu, nyumbani kwema?" akaniuliza.

"Kwema."

"Hakuna aliyekutupia kitu?"

Nilimwambia aliyetupiwa kitu ni Mzee Kondo, maana naye anakuja. Tukasimamisha hema dogo kati ya mapaja ya ng'ombe, tukaingia na chupa ya chai tuliyoiacha wazi, tumevaa makoti ya mitumba ambayo hatimaye yalipata kazi. Tukakaa tunazungumza, maana nilimwambia mzee tuzungumze sana, pumzi zitoke. Hatukumaliza hata saa nzima. Tone la kwanza lilimwangukia Mzee Kondo kwenye gazeti. Akalitazama. Likaanguka la pili. Akapapasa dari kwa kiganja, kiganja kikarudi kimelowa.

Tukatoka, nikafumua matundu yote, ya juu na ya chini, tukakausha hema, tukaingia tena kwa muda ule ule. Dari lilikuwa na unyevu kidogo tu, hakuna kilichodondoka. Mzee Kondo akatoka nje juani.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema, "nimekuwa nawaziba watu pua."

Nilimpenda sana siku ile, na nilimhurumia.

Sasa yashikeni haya, ndiyo urithi wangu pekee. Hema linataka matundu mawili, moja chini linaloingiza hewa na moja juu linalotoa. Tundu moja peke yake halisaidii sana. La juu livalisheni kofia ya kitambaa yenye waya kwenye ukingo, ili isimame, mvua isiingie na pumzi itoke. Turubai la juu lisilale juu ya hema la ndani, pawe na nafasi ya kiganja kati yao, maana yakigusana maji yanapita. Mwambieni mteja asichemshe kitu ndani, nguo mbichi azifunge kwenye mfuko azitoe nje, asisimamishe hema bondeni wala kando ya mto, alale na zipu ya mlango wazi vidole vitatu hata kama kuna baridi. Akiamka apanguse dari kwa kitambaa kabla hajaligusa kwa kichwa. Hata akifanya yote hayo, unyevu kidogo atauona. Anayewaahidi hema kavu kabisa kwenye baridi, mwogopeni.

Nilimpelekea Mangi habari hizo nikiwa nimejaa furaha kama mtoto aliyefaulu mtihani. Akanisikiliza mpaka mwisho, amekaa juu ya marobota ya kamba.

"Bi Tatu, mimi nimekuelewa," akasema. "Tajiri wa kampuni hatanielewa. Yule anainua hema juani, akiona mwanga umepita mahali, anasema bovu. Na wagumu wenyewe wanaziba kwa utepe wa gundi, maana baridi inawatesa. Mifuko yao ya kulalia ni myembamba kama shuka."

"Na watu wanane kwenye hema la wanne?"

"Hilo usiniulize mimi. Hema la pili nani atalibeba, na nani atalilipia?"

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ndugu yake kule juu. Alichoweza ni kuniruhusu nitengeneze mahema manne yenye kofia, ayachanganye na mengine kimya kimya. Nilizishona kofia zile kwa siku mbili, kila waya niliukunja mwenyewe. Wiki tatu baadaye Aikaeli akapiga simu kutoka Moshi. "Mama, tumeamka wakavu," akasema. "Wakavu kabisa! Nimewaambia wenzangu kuna mama yetu Ilala." Nilimweleza kwamba siri ni tundu la juu, lazima hewa itoke, kisha nikakaa na simu mkononi nikilia, Mzee Kondo akajifanya anatafuta mkasi.

Furaha yangu yote ya kazi hii ni hiyo, nimeimaliza kuisimulia.

Msimu wa watalii ukaingia. Mangi akaja anahema, anataka mahema thelathini ndani ya wiki. Kofia moja ilikula nusu siku yangu. Akasema hakuna muda wa kofia, na mahema yenye tundu wazi yatakataliwa. Nikamtazama Mzee Kondo, yeye akatazama cherehani yake. "Kazi ni ya mwenye kazi, Tatu," akasema kwa sauti ya chini. Nikaziba. Sikulazimishwa kwa fimbo. Niliyaziba mahema thelathini nikijua ninachofanya, na nilishona mara mbili kila tundu ili yasirudi.

Aikaeli alipangwa na kundi lililopewa mahema hayo. Siku ya tano alishindwa kuamka. Walimteremsha kwa kitanda cha gurudumu moja cha kubebea wagonjwa mlimani, na akafia hospitali siku ya pili yake. Walisema ni mapafu. Sitawaambia kwamba hema ndilo lililomuua, maana mlima una njia nyingi za kuua na mimi si daktari. Nawaambia tu kwamba alilala siku nne ndani ya mfuko uliolowa, kwenye baridi ambayo mimi naijua kwa saa moja ya bucha.

Mangi alifunga duka akaenda kumzika Machame. Aliporudi, alishuka basi na furushi la mahema ya kurekebishwa, kwa sababu msimu ulikuwa bado haujaisha. Nilimpa pole, tukashikana mikono muda mrefu. Kisha nikakunjua hema la kwanza, nikaingiza kichwa ndani.

Tundu la juu lilikuwa limekatwa mshono, kwa ndani, kwa kisu. Urefu wa vidole vitatu. Uzi ulikuwa umechanikachanika, kama wa mtu anayekata gizani na vidole vimekufa ganzi. Kisha mkato ukaishia hapo.

"Ni yeye," Mangi akasema nyuma yangu. "Wenzake wameniambia. Alichukua kisu cha viazi, akasema yule mama wa Ilala alimweleza, lazima hewa itoke. Wakamkataza. Walisema anawaingizia baridi."

Sikuweza kutoa kichwa changu mle ndani. Nilikuwa nimelifundisha tundu lile mwenyewe, halafu nikaliziba mwenyewe, halafu yeye akaniamini neno langu la kwanza.

"Nishone kofia, Mangi," nikamwambia. "Hili moja tu. Kwa ajili yake."

Macho yake yalikuwa mekundu, amesafiri siku nzima kutoka kwenye kaburi. "Funga tu Bi Tatu," akasema. "Jumatatu yanapanda."

Nikashona. Vidole vitatu vya mshono ni kazi ya dakika mbili.

Mzee Kondo aliacha kazi mwaka ule, akafa baadaye akiwa nyumbani kwake. Mimi nilibaki. Kila mteja wa sehemu za baridi nilimweleza kuhusu matundu. Wachache walikubali, wengi walisema tundu ni tundu. Niliendelea kuziba, kwa sababu nilikuwa na watoto wa kusomesha, na baadaye kwa sababu nilikuwa nimezoea. Msinitafutie utetezi mwingine. Nimeutafuta mimi mwenyewe bila kuupata.

Siku mliyoniaga, mkanivika kitenge na kunilisha pilau, nilipita kwenye meza ya katikati. Palikuwa na mahema kumi na mawili ya mlimani, matundu yameshazibwa, mmeyapanga vizuri yasubiri gari. Mmoja wenu alinionyesha mshono wake, anataka nimsifu. Nilikuwa na maneno haya yote mdomoni. Lakini mteja alikuwa amesimama pale, keki ilikuwa haijakatwa, na ninyi mlikuwa na furaha. Nikasema mshono umenyooka.

Nilianza kuandika usiku ule ule, nikiharakisha ili barua iwafikie kabla ya gari. Leo asubuhi nimepiga simu karakana kuuliza kama mahema bado yapo. Nimeambiwa yameshapanda tangu juzi, na mteja ameyasifu sana, ameyainua juani yote kumi na mawili na hakuona mwanga hata mahali pamoja.